Hiyo GB 4 ni ya Nani?

"Shangazi, hii ina grafiki ya GB 4." Mtoto wa kaka yangu aliniwekea laptopu mezani, kando ya birika la chai ya mnanaa, kwenye ile barabara ya Biryogo, Kigali, yenye lami ya rangi, iliyofungiwa magari tangu 2021. Ilikuwa HP EliteBook 840 G3 iliyotumika. Bei faranga 240,000. Muuzaji kule mjini alimruhusu aijaribu hadi magharibi, akabaki na kitambulisho chake. Mfukoni kijana alikuwa na laki tatu kamili, akiba ya miezi mingi ya kupiga na kuhariri video za harusi za Nyamirambo kwa mashine ya kuazima.

Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika dxdiag, nikafungua ukurasa wa skrini. Jina: Intel HD Graphics 520. Kumbukumbu yake yenyewe: MB 128. Chini yake, kumbukumbu ya pamoja: karibu GB 4. Tarakimu aliyotajiwa ilikuwepo kweli, ila haikuwa ya grafiki. Laptopu ilikuwa na RAM ya GB 8, na Windows huiruhusu grafiki iliyojengwa ndani ya prosesa kuazima hadi nusu ya RAM yote. Ukiweka RAM ya GB 16 kwenye mashine ile ile, maandishi yatapanda hadi karibu GB 8, na grafiki itabaki ileile. Kadi inayojitegemea ndiyo huja na kumbukumbu yake, kama NVIDIA MX150 yenye GB 2 iliyomo kwenye baadhi ya ThinkPad T480. Hii yetu ni mgeni anayekula sahani moja na mwenye nyumba.

Sisi tuliokulia Biryogo tusingepaswa kunaswa na jambo hili. Shemeji yangu anauza vipuri vya magari, na sijawahi kumwona akikubali maneno "injini ya Toyota". Lazima aulize: ni 1ZZ au 1AZ? Ya kwanza ni lita 1.8, ya pili lita 2.0, na hata jina la gari kwenye kadi likiwa sawa, atainama asome herufi zilizochongwa kwenye chuma. Laptopu nayo ina herufi zake. "Core i5" ni jina la mtaa tu. Unachotaka ni i5-6300U, au i5-8250U, au i5-1135G7, kwa sababu hizo tarakimu za nyuma ndizo zinazotaja kizazi, na kizazi ndicho kinachotaja grafiki.

Nilimwambia kijana achukue kalamu, tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mandazi. Grafiki ya Intel ina vitengo vya kazi, na kila kitengo kina njia nane za hesabu. Chukulia ni gereji: kuna idadi ya mafundi na kuna kasi ya mikono yao, na ukizidisha unapata picha ya nguvu ya gereji. HD 520 ina vitengo 24, yaani njia 192, na kasi ya juu ya megahezi 1,000. UHD 620 ya i5-8250U, iliyotoka 2017, ina vitengo 24 vilevile kwa megahezi 1,100. Iris Xe ya i5-1135G7, ya mwaka 2020, ina vitengo 80, ndiyo njia 640, kwa megahezi 1,300. Upande wa AMD, Ryzen 5 3500U ya 2019 ina Vega 8, njia 512 kwa megahezi 1,200. Hesabu hii haikupi idadi ya picha kwa sekunde, na kulinganisha Intel na AMD kwa kuzidisha tu kuna mapengo, lakini inaondoa uongo mkubwa haraka.

Iliondoa mmoja palepale. Rafiki wa kijana alikuwa akimsukuma anunue laptopu mpya ya kwenye boksi, yenye Celeron N4020, kwa faranga 230,000. Mpya, plastiki haijabanduliwa, na garanti juu. Ndani yake kuna UHD 600: vitengo 12 kwa megahezi 650. Ni chini ya theluthi moja ya UHD 620. Laptopu nyingi za aina hiyo RAM yake ya GB 4 imebanwa kwenye bodi na haiongezwi, na diski ni eMMC ya GB 64 ambayo Windows peke yake inakula sehemu kubwa yake. Kwa mtoto wa sekondari anayeandika na kusoma, sawa. Kwa mtu anayekula kwa video ni pesa iliyotupwa, na inaniuma kila ninapoona mzazi akiilipia kwa sababu ya boksi tu.

Sasa angalia tena HD 520 na UHD 620. Kwa nguvu ni karibu sawasawa. EliteBook 840 G5 yenye i5 ya kizazi cha nane tulikuwa tumetajiwa 310,000, yaani 70,000 zaidi ya G3. (Hizi ni bei tulizotajiwa sisi, kabla ya kupatana, wewe utatajiwa zako.) Kama grafiki ni ileile, hizo elfu sabini zinanunua nini?

Kwanza zinanunua mtambo wa kufungulia video. Ndani ya grafiki kuna sehemu ndogo isiyohusiana na mafundi wale 24. Kazi yake ni kufungua na kufunga video tu. Kwa mhariri, sehemu hii ina thamani kuliko mafundi wote. HD 520 inafungua video iliyobanwa kwa HEVC ya biti 8 bila shida, lakini ikikutana na HEVC ya biti 10 haina mtambo kamili, kazi inaangukia prosesa. Tangu HD 620 ya 2016, na UHD 620 iliyoifuata, HEVC ya biti 10 na VP9 vinafunguliwa na mtambo wenyewe. Sasa, simu zinazopiga harusi za siku hizi zinarekodi nini? iPhone 12 na zilizofuata, ukiwasha HDR, zinarekodi HEVC ya biti 10.

Sikutaka aamini mdomo wangu. Alikuwa na klipu moja kwenye simu, bibi harusi akiingia ukumbini, sekunde kama arobaini. Tukaihamishia kwenye G3 na kuicheza huku Task Manager ikiwa wazi. Prosesa ilipanda juu kabisa, feni ikaanza kuvuma hata watu wa meza ya pili wakageuka, na picha ikawa inaruka: mguu wa bibi harusi mlangoni, kisha tayari yuko katikati ya ukumbi. Kijana alinyamaza. Alijua kazi ya usiku mzima ikoje kwa mwendo huo.

Pili, zinanunua viini vinne vya prosesa badala ya viwili. Tatu, zinanunua muda. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Wengine wanalazimisha Windows 11 iingie kwenye kizazi cha sita, na inaingia, lakini Microsoft haikuahidi kitu kwa mashine hizo. Kama unatumia Linux, hoja hii haikuhusu, na G3 bado ni mashine ya heshima kwa barua, hesabu za duka na masomo. Nisiseme vibaya chombo kisicho na kosa.

Tulipanda mjini kuirudisha G3. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nataka kila mnunuzi alijue kabla ya jingine lolote.

Kwenye duka la pili kulikuwa na Dell Latitude 5420 yenye i5-1135G7, faranga 480,000. Mteja mmoja alikuwa akigombana na muuzaji kwa sauti. Kibandiko kilichokuwa pembeni mwa kibodi kilisema Iris Xe, lakini dxdiag ilisema Intel UHD Graphics, basi. Mteja aliona ametapeliwa, kibandiko kimebanduliwa kwenye mashine nyingine. Muuzaji, maskini, hakuwa na jibu, akabaki kuapa. Niliomba kuangalia. Nikafungua Task Manager, nikaenda kwenye ukurasa wa kumbukumbu: nafasi za RAM zilizotumika, 1 kati ya 2. Prosesa ilikuwa ile iliyoandikwa. Intel ndiyo iliyoweka sharti hili: jina Iris Xe linaonekana tu RAM ikiwa kwenye chaneli mbili. Ukiacha kijiti kimoja cha RAM, mashine yenyewe inajiita UHD.

Wala suala si jina tu. Rudi kwenye gereji. Mafundi 80 wana stoo moja ya vipuri, nayo ni RAM. Kijiti kimoja ni mlango mmoja wa stoo. Kwa DDR4 ya 3200, mlango mmoja unapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na hapohapo prosesa nayo inapita kuchukua yake. Vijiti viwili ni gigabaiti 51.2. Kwa DDR4 ya 2400 ya kizazi cha nane, ni 19.2 dhidi ya 38.4. Mafundi ukiwaongeza bila kuongeza mlango, wanasimama foleni. Kwa hiyo GB 16 kwa kijiti kimoja ni chombo tofauti na GB 16 kwa vijiti viwili vya nane, ingawa karatasi ya dukani inaandika GB 16 kwa vyote viwili.

Ndiyo maana nafasi za RAM niliziuliza kabla ya kuuliza bei. ThinkPad X270 ni ndogo, imara, inapendwa, lakini ina nafasi moja tu. Mlango wa pili hautapatikana humo kamwe. X1 Carbon imebanwa RAM yote kwenye bodi, kwa hiyo ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. T480, 840 G5, Latitude 5490 na hiyo 5420 zina nafasi mbili. Ukipata EliteBook 745 G6 yenye Ryzen 5 na vijiti viwili kwa bei inayokaribiana na ya G5, na michezo ndiyo shauku yako, ichukue bila kusita, kwani Vega 8 inaiacha UHD 620 mbali. Sisi hatukuiona siku ile.

Kuna mambo nilimwambia kijana asiyalipie. Skrini ya kugusa. Jina "i7" kwenye kizazi cha nane, maana i7-8550U ina UHD 620 ileile, tofauti ni megahezi 50 tu. Lakini skrini ya 1920 kwa 1080 ailipie. G3 tuliyoijaribu ilikuwa ya 1366 kwa 768, yaani pikseli kama milioni moja dhidi ya milioni mbili. Kwa mchezo skrini ya pikseli chache huipunguzia grafiki mzigo, kwa kuhariri inakunyima nafasi ya kuona unachokata.

Nilimwambia pia ukweli kuhusu mipaka. UHD 620 itakata video za HD vizuri, na za simu za 4K kwa subira. Akianza kupokea klipu za kamera za HEVC ya biti 10 ya 4:2:2, mtambo wa kizazi cha nane hauzifungui, atahitaji mashine mpya zaidi, kama ile Latitude ya kizazi cha kumi na moja. Blender 4.0 inataka OpenGL 4.3, ambayo UHD 620 inayo. Wale wanaouziwa mashine za 2012 zenye HD 4000 hawanayo, na programu haitafunguka. Na YouTube sasa inatumia AV1 kwa video nyingi. Mtambo wa kuifungua upo kwenye Iris Xe, huku chini haupo. Kwa hilo dawa ni bure: kiongezo cha kivinjari kiitwacho h264ify kinaifanya YouTube ilete H.264, ambayo hata laptopu ya zamani inaifungua kwa mtambo wake.

Laki nne na themanini hatukuwa nazo. Tulirudi kwenye G5 ya 310,000, kijiti kimoja cha GB 8, nafasi moja wazi. Kijana alianza kupatana kwa aibu, nikamwachia, nikaingilia mwishoni kwa Kiswahili cha Biryogo ambacho muuzaji alikijua kuliko nilivyodhani. Ikashuka hadi 275,000, risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi, ikiwa ndani ya bei. Hilo la risiti usilisahau: mwaka 2025 serikali ya Rwanda ilitangaza kurudisha VAT ya asilimia 18 kwa vifaa vya TEHAMA, kwa hiyo uliza mapema kama bei unayotajiwa ina kodi au haina, usije ukaambiwa wakati pesa iko mezani. Kijiti cha pili cha GB 8, DDR4 ya 2400, kilikuwa 28,000. Jumla 303,000. Hizo elfu tatu nilitoa mimi.

Muuzaji alifungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo, akakiingiza kijiti kikiwa kimeinama, akakibonyeza mpaka vishikizo viwili vya pembeni vikalia tik. Tukawasha. Nafasi zilizotumika, 2 kati ya 2. Kijana akachomeka simu, akafungua ile klipu. Prosesa ilibaki chini, kwenye ukurasa wa grafiki mstari wa kufungua video ndio ukapanda, na feni sikuisikia. Bibi harusi aliingia ukumbini hatua kwa hatua, hadi kwenye kiti chake.