Mabuu Waliotoa Ushahidi

Septemba 29, 1935, vipande vya miili ya wanawake wawili vilionekana korongoni karibu na Moffat, Uskoti, vimefungwa kwa magazeti na nguo. Vilijaa mabuu.

Kinyaa kikawekwa kando; mabuu wakapelekwa Glasgow kwa Dk. Alexander Mearns. Nzi hutaga upesi penye mzoga. Buu huanguliwa, hula, hujivua ngozi mara mbili kabla ya kuwa pupa. Joto humharakisha, baridi humchelewesha. Ukijua hatua aliyofikia na hali ya hewa, unaweza kuhesabu kurudi nyuma hadi mayai yalipotagwa. Mearns alikadiria umri wa mabuu kuwa siku 12 hadi 14.

Hesabu ilioana na siku walipotoweka mwenzi wa daktari Buck Ruxton wa Lancaster na yaya wao. Ruxton alipatikana na hatia ya mauaji, akanyongwa Mei 1936. Mabuu wenyewe wangali wamehifadhiwa kwenye makumbusho jijini London.