Akiitwa Kufundisha Nchi za Nje

Akina mama wa Madaba tunajua maana ya kuagana. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Songea walikwenda mashamba ya mkonge Tanga, na wengine hawakurudi. Wasomi nao huondoka. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, aliacha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1995 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana.

Baba au mama akiitwa hivyo, tusihesabu mshahara tu. Tuulizane: Mkataba ni wa miaka mingapi? Familia itaruhusiwa kufuatana naye? Watoto watasoma wapi, kwa lugha gani? Wazazi wazee watatunzwa na nani? Tuafikiane kabla ya kutia sahihi.