Kwihara: Tulikwenda Kutembea, Tukarudi na Neno

Ukisikia jina la Kipalapala huenda wazo lako linakwenda seminari, au kwenye kile kitabu cha sala cha nyumbani chenye herufi T.M.P. katika ukurasa wa kwanza. Nasi tulikuwa hivyo hivyo. Miaka mingi tumekwenda Kipalapala kwenye semina na kurudi Tabora mjini, bila kujua tunapita jirani na mahali gani. Safari hii, akina mama kumi na wawili, tulichukua watoto wetu wakubwa, tukafungasha michembe na karanga, tukaenda Kwihara.

Kwihara ni bonde lenye vilima, nje kidogo ya mji wa Tabora. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mwendo wa miguu wa kilomita zaidi ya elfu moja, ulipumzika huku Unyanyembe. Hapo ipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa upya kuwa makumbusho. Mwaka 1872 Dokta Livingstone na Stanley walifika hapo kutoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakabeba mwili wake hadi pwani, wakipita tena Unyanyembe.

Majina ya Susi na Chuma tuliyasoma shuleni. Lakini katika safari ile walikuwapo pia wanawake, miongoni mwao Halima mpishi, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Nani alituambia habari zao? Vivyo hivyo Wanyamwezi wanasifiwa kwa upagazi, lakini mume alipokwenda pwani kwa miezi mingi, nani alilima, nani alitunza ghala na watoto? Na wako wake waliofuatana na waume zao wakibeba vyungu na vyakula. Hata utemi wenyewe wa Unyanyembe, baada ya Mtemi Isike kufa akipigana na Wajerumani mwaka 1893, ulishikwa na mwanamke, Nyaso.

Bibi mmoja wa kijijini alitukaribisha chini ya mwembe. Tulipomwamkia "Mwangaluka" alifurahi, lakini alipowageukia watoto wetu, waliinamisha vichwa wakacheka. Hawakujua kuitikia. Tuliona haya, kwa maana lugha hiyo hawakuinyimwa na shule. Tuliwanyima sisi.

Wakati wa kula ugali wa mtama na mlenda, mwenzetu mmoja anayetuzidi wote umri alinyamaza sana. Tulipomwuliza, akasema mama wa bibi yake aliletwa huku na msafara akiwa mtoto mdogo, amefungwa na wengine. Hakuwahi kulijua jina la kwao. Binti yake, aliyekuwa ameketi karibu, alishtuka: "Mama, mbona hukuniambia?" Akajibu, "Niliona aibu, mwanangu." Yule bibi mwenyeji akaweka kata chini, akasema, "Aibu ni ya aliyemchukua mtoto wa mwenzake. Aliyechukuliwa hana aibu." Hakuna aliyeongeza neno. Binti alihamia mkekani pa mama yake, wakala sahani moja.

Baadhi yetu ni wauguzi, tukamkumbuka Adriano Atiman. Naye alikamatwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa. Wamisionari wakamkomboa, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Aliyeuzwa kama mzigo aliwaponya maelfu.

Mama mpendwa, ukipanga safari kama hii, nenda miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla joto halijazidi. Beba maji yaliyochemshwa, na chandarua kwa watakaolala. Utauziwa asali nzuri ya miombo. Nunua, lakini usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kwa kulamba, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Na kama safari haiwezekani, anza nyumbani. Jioni moja wiki hii, zima redio, waambie watoto jina la bibi yako, alikotoka, na alichopika. Wafundishe salamu moja ya kwenu. Kama ipo habari inayouma, iseme taratibu, kwa kipimo cha umri wao. Sisi tumekwisha kuanza. Asubuhi hii mmoja wetu aliamshwa na mtoto wake mlangoni: "Mwangaluka, mama!" Alitamka vibaya, lakini alitamka.