Baridi ya Kusi

Wajukuu zangu, mkisikia kwamba mvuvi wa Tiwi, pwani ya Kenya, hutetemeka mpaka meno yakagongana, msicheke. Kule Lofoten, Norway, watu huvua tangu Januari hadi Aprili, na rasharasha za mawimbi huganda juu ya chombo zikawa barafu. Kwetu maji hayagandi. Lakini ingieni ngalawani alfajiri ya Julai, mwondokee mlango wa mto Mwachema, pale penye msikiti wa Kongo, ndipo mtajua.

Kusi huanza Aprili, na kufikia Juni imeshika kwelikweli. Hewa ya alfajiri ni nyuzi 22 hivi. Aliye jikoni na kanga mabegani hana habari nayo. Mvuvi ameketi juu ya ubao, shati limeroa chepechepe, upepo unampiga ubavuni. Mmewahi kupuliza uji wa moto upoe? Basi ndivyo anavyopozwa: maji ya shatini yakikauka huondoka na joto la mwili, na upepo unazidi kuyakausha.

Sasa sikieni ajabu. Bahari wakati huo ni nyuzi 25 hivi, ina joto kuliko hewa! Anayezama kuinua lema, ule mtego wa samaki, hupata nafuu majini. Taabu humrudia akipanda tena chomboni. Kwa hiyo hushika upo akafua maji bila kupumzika, hata yakiwa kidogo, maana mikono ikifanya kazi damu huchemka.

Msiulize kwa nini haendi nje ya mwamba, kwenye samaki wakubwa. Kusi huko haina mchezo, na ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye matengo mawili tu ya kuizuia isipinduke. Maji yakipwa, mwamba huvunja mawimbi, na ndani huwa shwari. Yakijaa wakati wa bamvua, mawimbi hupita juu ya mwamba. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hukaribia mita 4. Bamvua hufuata mwezi, ndiyo maana nahodha huuangalia kabla ya kugusa tanga.

Lema lake amelitega penye nyasi za bahari, limewekewa mawe lisihame, chambo ni mwani na konokono waliopondwa. Tafi huingia humo. Msimu huu huwa wachache, na mama karanga, wale wakaangao na kuuza samaki, wako ufuoni mapema, kila mmoja na beseni lake, wakigombea hao hao.