Niurobiolojia katika Shahada ya Kwanza: Kwa Nini Mwanafunzi Huanzia kwa Ngisi

Niurobiolojia ni tawi la biolojia linalochunguza jinsi mfumo wa neva, yaani ubongo, uti wa mgongo na neva zinazosambaa mwilini, unavyoundwa, unavyofanya kazi na unavyoharibika. Katika vyuo vikuu vya Marekani tawi hili lilichelewa kujitegemea, kwani kwa muda mrefu maarifa yake yalitawanyika baina ya anatomia, fiziolojia, kemia ya viumbe na saikolojia, hadi mwaka 1966 Stephen Kuffler alipowakusanya wataalamu wa fani mbalimbali katika idara moja ya niurobiolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1973 Chuo cha Amherst, katika jimbo la Massachusetts, kilianzisha mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za sayansi ya neva kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika Afrika Mashariki maarifa hayohayo kwa kawaida hufundishwa ndani ya shahada za udaktari na sayansi za afya, kwa hiyo kijana wa huku anayeisikia niurobiolojia kama somo kuu linalojitegemea huweza kudhani kwamba ni udaktari wa ubongo au ni saikolojia kwa jina jingine, ilhali si hiki wala si kile.

Wengi huvutwa na maswali mazito, kama vile kumbukumbu hukaa wapi, ndoto hutoka wapi, na kwa nini mtu mwenye afya hushikwa na sonona. Maswali hayo ni ya haki kabisa, lakini mtaala hauyafikii mwanzoni, maana miaka miwili ya kwanza hujaa kemia, fizikia, biolojia ya seli, hisabati na takwimu, na wapo wanaokata tamaa hapo kwa kudhani kwamba wamepelekwa pasipo njia yao. Mpangilio huo una sababu, na sababu yenyewe huonekana wazi katika mada iliyo moyo wa shahada nzima, ambayo ni ishara ya umeme ya seli ya neva.

Seli ya neva, au niuroni, ina kiwiliwili chenye kiini, matawi yapokeayo ishara yaitwayo dendraiti, na uzi mmoja uitwao aksoni unaoipeleka ishara mbali. Aksoni za binadamu ni nyembamba mno, upana wake ukiwa ni sehemu chache tu za elfu za milimita, na kwa vifaa vya zamani haikuwezekana kuingiza chombo chochote ndani yake. Ngisi, hata hivyo, anazo aksoni nene zinazokazanisha misuli yake ili arushe maji na kumkimbia adui, na unene wake huweza kukaribia milimita moja. J. Z. Young alizieleza mwaka 1936, na mwaka 1939, katika maabara ya baharini ya Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifaulu kupenyeza elektrodi, yaani ncha ya kupimia umeme, ndani ya mojawapo. Walikuta kwamba seli inapotulia ndani yake huwa hasi kuliko nje, na ishara inapopita, hali hiyo haifutiki tu kama wengi walivyoamini, bali hugeuka na ndani huwa chanya kwa muda mfupi usiozidi milisekunde chache.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi yao, na maelezo kamili yalitoka mwaka 1952. Nje ya seli kuna ioni nyingi za sodiamu, ambazo ni atomu zenye chaji ya umeme, na ndani kuna nyingi za potasiamu. Katika utando wa seli vimo vijia vya protini vinavyofunguka kwa kufuata volti, hivi kwamba vya sodiamu hufunguka kwanza na chaji chanya hukimbilia ndani, kisha vya potasiamu hufunguka na chaji hutoka, huku kipande cha utando kilicho jirani kikiwa tayari kimeamshwa na kurudia mambo yaleyale. Hodgkin na Huxley waliyaandika hayo kwa milinganyo ya hisabati, na Huxley akaikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Hesabu ilitabiri kwamba ishara husafiri mita 18.8 kwa sekunde, na kipimo cha aksoni yenyewe kilikuwa mita 21.2. Mwanafunzi aliyeikwepa fizikia huzikariri namba hizo, lakini hawezi kuona uzito wa tukio lenyewe, kwamba mwenendo wa seli hai ulitabiriwa kwa hesabu kutokana na sifa za utando wake. Kwa sababu hiyo programu zinazoifanya fizikia na takwimu kuwa masomo ya hiari huwanyima wanafunzi wao jambo la msingi.

Watu wa pwani wana mfano wa karibu wa nguvu ya vijia hivyo, ambao ni samaki aitwaye bunju. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba vijia vya sodiamu na kuviacha vya potasiamu, kama Toshio Narahashi na wenzake walivyoonyesha mwaka 1964, na aliyeila huweza kupooza hadi misuli ya kupumulia ikashindwa, huku pengine akili zake zikiwa bado timamu. Vijia vya sodiamu ndivyo pia vinavyozuiwa na sindano ya ganzi ya kung'olea jino, tofauti ikiwa kwamba dawa ya ganzi hubaki hasa mahali ilipochomwa na nguvu zake huisha baada ya saa chache.

Akiisha kuimudu ishara, mwanafunzi huingia katika sinapsi, yaani maungano ambako niuroni moja huipasha nyingine habari, mara nyingi kwa kemikali, kisha hufika kwenye yale maswali yaliyomvuta. Hapo hukutana na Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilicho ndani ya ubongo kila upande, na tangu hapo akawa hawezi kuhifadhi matukio mapya. Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa kuutazama katika kioo tu, na kwa siku tatu mkono wake ukazidi kuwa hodari ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo, jambo lililoonyesha kwamba kumbukumbu si kitu kimoja.

Kwa eneo letu lipo suala linalohitaji hasa watu waliofunzwa namna hii. Konzo, ugonjwa ulioelezwa Kongo mwaka 1938 na uliozuka Tarime, Tanzania, mwaka 1985 wakati wa ukame, hupoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, na huwapata zaidi watoto na wanawake wanaokula muhogo mchungu ambao haukuondolewa sianidi vya kutosha, huku chakula chao kikipungukiwa na protini. Kinga yake inajulikana, kwani unga wa muhogo uliochanganywa na maji na kutandazwa kwa saa mbili juani au tano kivulini hupoteza sehemu kubwa ya sumu. Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini sumu inayozunguka mwili mzima huharibu hasa niuroni zinazotoka kwenye gamba la ubongo na kuongoza mwendo wa miguu, na kuziacha nyingi nyingine zikiwa salama.