Taya la chini ni mfupa mmoja

Weka ncha za vidole mbele ya masikio yako mawili, kisha ufumbue kinywa taratibu. Utahisi kitu kikizunguka, halafu kikisogea mbele. Hapo ndipo taya la chini linapokutana na fuvu.

Kiungo hiki si kama bawaba ya mlango. Kichwa cha taya hukaa katika kibonde cha mfupa wa panja, na baina yao kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachogawa nafasi ya kiungo sehemu mbili. Katika sehemu ya chini kichwa huzunguka. Katika ile ya juu, kichwa na kisahani huteleza pamoja kwenda mbele. Mtu akipiga miayo kupita kiasi, kichwa chaweza kuvuka kilima kilicho mbele ya kibonde kikakwama huko, kinywa kisifungike. Huko ndiko kuteguka taya, na kulirudisha ni kazi ya tabibu, si ya jirani mwenye nguvu. Tumefunzwa kuzuia miayo kadiri tuwezavyo. Kiungo hiki nacho kina sababu zake.

Viungo hivi viwili, wa kulia na wa kushoto, haviachani, kwani taya lenyewe ni mfupa mmoja. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walisoma kinyume chake. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 ambaye Waarabu humwita Jalinus, aliandika kuwa ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni, na wengi wakampokea bila kuuliza.

Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162, alikuwako Misri njaa kuu ilipoingia mwaka 1200. Watu walikufa hata mifupa yao ikarundikana kama kilima huko al-Maqs, jirani na Cairo. Ni elimu iliyopatikana katika msiba mzito. Yeye na wenzake walikagua mafuvu zaidi ya 2,000, na katika taya la chini hawakuona mshono wowote. Akaandika kuwa ushahidi wa macho una nguvu kuliko kauli ya Jalinus, pamoja na ukubwa wa daraja lake.

Hata hivyo, tumtendee haki Jalinus: mtoto mchanga huzaliwa na taya la chini lenye nusu mbili, nazo huungana kidevuni katika mwaka wake wa kwanza.