Soketi: uso mmoja, matumbo tofauti

Soketi ya kawaida katika nyumba za Tanzania ina matundu matatu ya mstatili, hubeba ampea 13, na hutumia umeme wa volti 230. Umbo hilo lilitokana na kiwango cha Uingereza namba BS 1363, kilichotoka mwaka 1947, na limeenea Kenya, Uganda, Malawi na hata Oman. Zamani zilitumika pia soketi za matundu ya duara, za ampea 5 na 15, ambazo bado zinaonekana katika baadhi ya majengo ya siku nyingi. Kwa kuwa umbo ni moja, soketi ghali na soketi ya bei chee zikifungwa kwenye ukuta mmoja hufanana kama mapacha. Zinapotofautiana ni mgongoni, pale ambapo mwenye nyumba hapaoni tena fundi akishakaza skrubu mbili za mwisho.

Nyuma ya kila tundu kuna kibanio cha metali kinachoushika mguu wa plagi. Katika soketi nzuri kibanio hicho ni cha brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, au cha shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi ili irudi kama springi. Ni kinene, na hata plagi ikichomekwa na kuchomolewa kila siku kwa miaka, kinabana. Katika soketi hafifu huwa ni bati jembamba, mara nyingine chuma kilichopakwa rangi ya brasi kwa juu. Miezi michache ya pasi na birika hutosha kukilegeza.

Kulegea huko ndiko kunakochoma nyumba. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta takriban ampea 8.7. Kibanio kilicholegea kikiongeza ukinzani wa nusu omu tu, joto la karibu wati 38 huzaliwa palepale, ndani ya plastiki isiyo na pa kupumulia. Ni joto la chuma cha kulehemu cha fundi redio. Saketi breka haishtuki, kwa sababu umeme unaopita kwenye waya ni uleule wa kawaida. Wanaoamini kwamba breka mpya inafidia soketi mbovu wanakosea: breka hupima wingi wa umeme, haijui kwamba nyuma ya kabati plastiki imeanza kuwa ya kahawia.

Soketi dabo, yenye nafasi mbili za plagi, nayo hueleweka vibaya. Wengi hujumlisha 13 na 13 wakapata 26. Kiwango cha BS 1363 huijaribu kwa jumla ya ampea 20, kwa hiyo birika upande mmoja na hita kubwa upande wa pili, jumla yake ikizidi hapo kwa muda mrefu, ni mzigo ambao hata soketi bora haikutengenezewa. Vyombo vya aina hiyo hupewa soketi zilizoachana.

Dukani, kipimo cha kwanza ni mkono. Soketi yenye brasi ya kutosha na plastiki ngumu huwa nzito. Hafifu huwa nyepesi na uso wake hubonyea ukifinywa katikati. Kipimo cha pili ni sumaku, hata ile ndogo inayotoka kwenye spika mbovu. Brasi haivutwi na sumaku. Skrubu na vishikizo vya pembeni vinaweza kuwa vya chuma bila kosa lolote, lakini kibanio au sehemu ya kufungia waya ikivutwa, hiyo si soketi ya kuwekea friji. Kipimo cha tatu ni plagi: muuzaji anayejiamini huruhusu plagi ichomekwe na kuchomolewa mara kadhaa. Inapaswa kuingia kwa nguvu kidogo na kutoka hivyohivyo, bila kuyumba.

Kisha soketi hugeuzwa. Pawe na alama za L (fezi), N (nyutro) na E (ethi) zinazosomeka, namba ya kiwango, jina la mtengenezaji na uwezo wa ampea 13, vyote vikiwa vimechorwa kwenye plastiki yenyewe wala si kwenye kikaratasi cha kubandua. Tundu la kufungia waya liwe pana kiasi cha kuingiza nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, kwa sababu soketi moja mara nyingi hupokea waya kutoka soketi iliyotangulia na kuupeleka kwenye inayofuata. Tundu likiwa dogo, fundi hupunguza nyuzi za waya ili ziingie, na hapo huanza ugonjwa uleule wa joto.

Mwisho hukaguliwa vilango. Mguu wa ethi wa plagi ni mrefu kuliko mingine miwili, nao ndio unaofungua vilango vinavyoziba matundu ya fezi na nyutro. Uhandisi huo unamkinga mtoto mwenye kijiti mkononi, na ndio uvumbuzi unaodharauliwa kuliko wote: redio na chaja za miguu miwili zinazoingia kutoka nje zimewafundisha watu kuchokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili vilango vifunguke. Mguu mwembamba wa duara ukilazimishwa kwenye nafasi ya mguu bapa hupanua kibanio, na plagi halali ikirudi hukuta pamelegea. Adapta yenye fyuzi ni nafuu kuliko soketi mpya.

Kwa mkazi wa kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, uchaguzi huo hufanyika mwishoni mwa mnyororo mrefu. Waya za shaba hutengenezwa nchini, na viwanda kama Africab viko Dar es Salaam, ila soketi nyingi hutoka nje, hasa China. Shehena hufunguliwa kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, husafiri hadi maduka ya Mbeya mjini, hushuka kwa barabara ya Kyela hadi Tukuyu, ndipo zifike kwenye maduka ya vijijini, ambako huuzwa pamoja na misumari na rangi. Kila kituo huongeza faida yake, na kila kituo huwa na sababu ya kupendelea bidhaa inayoonekana kama ya bei kubwa lakini iliyonunuliwa kwa bei ndogo.

Zaidi ya hayo, mlipaji mara nyingi siye mchaguzi. Fundi huandika orodha ya vifaa, mwenye nyumba hutoa fedha, na fundi huenda dukani peke yake. Orodha iliyoandikwa “soketi dabo 6” inaruhusu chochote. Iliyotaja jina la mtengenezaji na kiwango inafunga mlango huo, hasa mzigo ukikaguliwa kabla ya kufungwa ukutani. Majina makubwa kama Schneider, ABB au Tronic nayo si kinga kamili, kwani jina linalouzika ndilo linaloigwa.

Sheria hutenganisha makosa mawili hapa. Bidhaa hafifu, isiyofikia kiwango, ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975. Bidhaa bandia, iliyovaa jina la mwingine, hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Soketi inaweza kuwa halali kwa jina na hafifu kwa matumbo, na kinyume chake pia hutokea. Kwa mnunuzi, risiti yenye jina la duka ndiyo inayowezesha madai yoyote kati ya hayo mawili.

Gharama za kijijini zinaeleza kwa nini soketi huwa ya mwisho kufikiriwa. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, nayo haihusu waya wala vifaa vya ndani. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili upo UMETA, yaani umeme tayari, kibao chenye soketi, swichi na breka kwa pamoja, kinachopunguza kazi ya kutandaza waya. Nyumba kubwa zaidi huhitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na bajeti ikiwa imeshaliwa na saruji na mabati, punguzo hutafutwa kwenye vitu vidogo.

Rungwe ina adui mwingine: unyevu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu hunyonya maji. Skrubu za chuma hushika kutu na kulegea, na kisanduku cha chuma kilichochimbiwa ukutani huoza. Kisanduku cha plastiki hufaa zaidi hapa. Ukuta ukiwa haujapigwa lipu, pateresi, yaani kisanduku cha kufunga juu ya ukuta, upande wa ndani, huiweka soketi mbali na unyevu. Soketi ya barazani au ya bandani kwa ng’ombe iwe ya aina yenye kifuniko cha kuzuia maji, na saketi yake iwe na kifaa cha RCD kinachokata umeme ukivuja miliampea 30.

Soketi iliyochoka hujitaja yenyewe: plagi hutoka ya moto, taa hucheza ikiguswa, au chumba hunuka kama samaki anayeungua, ambayo ni harufu ya plastiki iliyopikwa. Kuibadilisha huanza kwa kuzima meni swichi na kukata ncha ya waya iliyoungua hadi ionekane shaba inayong’aa. Soketi mpya ikifungwa kwenye shaba nyeusi huanza kuchemka siku hiyohiyo.